Unataka kumbana mbunge aliyepinga masharti ya korona? Soma kwanza anakopatia

Juzi kijana mmoja wa kazi yetu kaniandikia: "Dada, shikamoo. Wiki ijayo namhoji mbunge aliyepinga watu kufungiwa ndani na vyeti vya chanjo wakati wa korona. Nataka nimbane. Nianzie wapi?"

Nilipofika kwenye "nimbane" nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha, maana na mimi nilikwenda kubana.

Ilikuwa mwishoni mwa 2022, mubashara, nusu saa. Mgeni wangu alikuwa ameshatengwa na chama chake kwa kupinga karibu kila kitu: barakoa kwa watoto shuleni, amri ya kutotoka nje, chanjo ya lazima kwa watumishi. Nilikuwa na kurasa sita za maswali, na kila swali lilikuja na jibu langu ndani. La kwanza nalikumbuka neno kwa neno, na bado nikilikumbuka nafumba macho: "Mheshimiwa, unapataje usingizi ukijua kuna watu walikusikiliza wakafa?"

Angekasirika ningepona. Hakukasirika. Alivaa miwani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ile chanjo ya Pfizer, kabla ya kuanza kutolewa, ilipimwa kama inamzuia mtu kumwambukiza mwenzake?"

"Ndiyo, bila shaka," nikasema, mbio mbio, kama mwanafunzi anayetafuta sifa.

Akatoa karatasi mfukoni. Tarehe 10 Oktoba 2022, kwenye kikao cha kamati ya Bunge la Ulaya, mbunge wa Uholanzi Rob Roos alimuuliza Janine Small wa Pfizer swali hilohilo, na mama yule akajibu hapana. Mgeni wangu akaisoma, akaikunja, akanitazama. Kuanzia hapo mhojiwa nilikuwa mimi. Mtayarishaji wangu, nyuma ya kioo, alikuwa ameinamisha kichwa.

Siku nyingi nilijitetea kwamba nilitegwa. Uongo. Jambo lile halikuwa siri hata siku moja. Jaribio lenyewe lilihusisha watu zaidi ya 43,000, na kilichohesabiwa ni nani ameugua kwa dalili. Wakapatikana 170: 162 kati ya waliochomwa sindano isiyo na chanjo, 8 kati ya waliochanjwa. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 95 tuliyoiimba sote. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliporuhusu chanjo hiyo kwa dharura Desemba 2020, ilieleza wazi kuwa bado hakuna data za kuonyesha kama inazuia maambukizi kutoka mtu hadi mtu. Nyaraka zilikuwa wazi kwa yeyote karibu miaka miwili. Mimi nilisoma vichwa vya habari.

Ningekuwa nimezisoma, ningemjibu kwa sentensi mbili: kweli, haikupimwa, sasa mheshimiwa, hao 162 kwa 8 unawaelezaje? Na kesho yake ningebeba swali lake hadi kwa waliotunga masharti: kama hamkuwa na ushahidi huo mwanzoni, kwa nini baadaye mliwaambia watu cheti ni cha kumlinda jirani? Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba chanjo ilipunguza kuambukizana kwa kiasi, hasa kabla ya kuja aina ya kirusi iitwayo Omicron, na kinga hiyo ikafifia kadiri miezi ilivyopita. Kwa hiyo jibu lilikuwepo, refu na lenye pande mbili. Hakuna aliyelitafuta, kwa sababu swali lilitoka kwenye mdomo tuliokwisha kuupuuza.

Mdogo wangu, hapo ndipo ushauri wangu ulipo: soma anakopatia. Anakokosea utapajua tu, kila mtu atakupigia simu akuambie. Akisema chanjo za mRNA, yaani za aina ya ile ya Pfizer, zimewaletea vijana wa kiume uvimbe wa misuli ya moyo, usikatae, ni kweli, ni kwa nadra. Akikuletea idadi ya vifo vilivyoripotiwa VAERS, mfumo wa Marekani wa kupokea ripoti za madhara baada ya chanjo, kama hesabu ya waliouawa na chanjo, hapo msimamishe: mtu yeyote anaweza kupeleka ripoti pale, na ripoti haithibitishi chanzo. Ukimkatalia la kwanza, msikilizaji hatakuamini kwenye la pili. Nasema tena, soma anakopatia. Sisi wa kipindi kile tulijiona walinzi wa afya ya umma, tukasahau kwamba anayetusikiliza ana akili zake na ana simu yenye intaneti. Tulimdharau. Sasa tunashangaa ametuhama.

Miezi ya kusoma naiacha, haina hadithi.

Mwaka uliofuata alikubali kurudi, nadhani kwa kuwa mara ya kwanza alifurahi. Nilikuja na nusu ukurasa. Kama nilivyotarajia, akaipeleka hoja Sweden: hawakufunga, wakabaki salama. Sikumkatiza. Nikamkubalia kwamba shule za watoto wadogo zilibaki wazi, na kwamba kwa hesabu ya vifo vya ziada, yaani vilivyozidi kiwango cha kawaida, kwa miaka yote mitatu ya 2020 hadi 2022, Sweden ni miongoni mwa nchi za Ulaya zilizoathirika kidogo. Akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha nikamuuliza anataka tuige Sweden ipi. Ya Machi 2020, iliyozuia mikusanyiko ya zaidi ya watu 50? Ya Novemba, iliyoshusha kikomo hadi watu 8? Au ile ambayo tume yake yenyewe ya kuchunguza korona, kwenye ripoti ya Februari 2022, iliunga mkono njia ya hiari lakini ikasema hatua kali zaidi zilipaswa kuchukuliwa mapema?

Kimya. Usiogope kimya, mdogo wangu, usikijaze. Nilikiacha hadi mtayarishaji akaanza kunipungia mkono. Mwishowe akasema, "Hilo la Novemba sikulijua." Hewani.

Tulipozima maikrofoni akanipa mkono. "Leo umekuja umesoma, dada." Lile "mwanangu" la mara ya kwanza lilikuwa limeisha.

Kile kipande cha mahojiano ya kwanza bado kinazunguka. Mwezi uliopita kilinifikia kwenye kundi la familia, kimetumwa na shangazi yangu mwenyewe, na vikaragosi vitatu vya kucheka. Cha pili hakuna aliyewahi kukikata.