Nimekisoma kitabu cha Conrad kwenye mto wake mwenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amepata kazi Kisangani, Kongo, anatokea Dar es Salaam, na rafiki yake amemshauri asome kwanza Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad juu ya safari ya kupanda mto huu wa huku. Asome? Swali lake limenitonesha kidonda, kwa hiyo atanivumilia.

Mimi Mzanzibari, na hapa Kisangani huu mwaka wa tatu. Kitabu hicho kilinishinda chuoni nikiwa ukurasa wa kumi na tano. Mwalimu akanisimamisha, akataka nieleze kimenishinda nini. Nikasema sentensi zake hazina mwisho. Darasa zima likacheka, naye akacheka nao. Sasa nimekimaliza mara mbili, kwa Kiingereza chake kile kile, na kujisifu najisifu.

Ushauri wa kwanza: usikisome kwa pupa. Ni chembamba, lakini kizito. Mimi nilisoma kurasa sita, saba, umeme ukikatika, kwa taa ya sola. Unyevu wa huku umekivimbisha, karatasi zina mawimbi kama bati, na gundi ya mgongoni imeachia.

Usihangaike kulitafuta jina la Kongo humo ndani, halimo. Conrad mwenyewe alifika hapa Septemba 1890, kwa meli ndogo iitwayo Roi des Belges iliyotumia karibu mwezi mzima kupanda mto kutoka Kinshasa. Riwaya ikatoka 1899. Mto wake umenyamaza, msitu unamkodolea macho. Nilikipeleka hadi kwenye maporomoko ya Wagenia nikisome pale, nikashindwa kwa kelele. Maji yananguruma, na wavuvi wanaitana juu ya magogo waliyoyasimika kwenye mkondo. Kijana mmoja akashuka kwa kamba, akalivuta dema kubwa kuliko yeye, akanipigia kelele nisogee, nimesimama kwenye njia yake. Mvuvi wa namna hiyo humpati kwenye kitabu.

Halafu nikafika kwenye Wazanzibari. Ndiyo, tumo! Mstari mmoja tu: mzungu kalewa, kapiga kambi njiani, na walinzi wake wenye silaha ni Wazanzibari wembamba. Nikakifunga.

Mama jirani alikuwa anaponda ndizi za lituma. “Mama Zanzibar, ile kitabu iko inasema nini?”

Kwa mwaka mzima nilikuwa namsahihisha: si ile kitabu, ni kile kitabu. Siku hiyo nilisahau. Nikamweleza kwa uchungu jinsi tulivyodharauliwa. Hakuacha kuponda.

“Lakini si mulikuya na bunduki? Munawaza hii Kiswahili ilifika huku na nini?”

Sikuwa na jibu. Kwetu mgeni akija tunampeleka Shangani kumwonyesha nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wetu wa zamani, tunamsifia na mlango. Kumbe 1887 Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alimfanya huyo huyo gavana wa maporomoko haya, ninaponunua samaki mimi. Pembe na watumwa, ndiyo biashara iliyomleta. Chuoni hakuna aliyenisomesha hivyo, wala nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, someni na penseli mkononi. Pigeni mstari kila Mwafrika anapofungua mdomo, mtaona penseli haichakai. Mabaharia wa meli ya kitabuni, anaowaita wala watu, wanalipwa vipande vitatu vya waya wa shaba kwa wiki, kila kimoja kama sentimita 23, wanashinda na njaa, na msimulizi anashangaa mbona hawajawala wazungu! Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alimsema Conrad kwa ubaguzi tangu 1975, na mimi namuunga mkono. Ila tusijifiche nyuma ya Achebe. Tukimaliza kumkasirikia Conrad, tuulizane na sisi tulikuwa tunafanya nini kwenye ile njia. Na ukija huku na Kiswahili chako sanifu, acha kusahihisha watu. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimelifanya.

Basi njoo nacho, kifunge kwenye mfuko wa nailoni. Changu kiko kwa jirani. Jioni namsomea, natafsiri hapo hapo, naye ananikatiza kila baada ya sentensi mbili. Jana tulifika kwa Wazanzibari wembamba. Akasema nirudie. Nikarudia. Akamwita mumewe, nikasoma mara ya tatu.