Nimelia na Achilles, sasa nisome nini?

SWALI: Mhariri, nimemaliza The Song of Achilles, riwaya ya Madeline Miller, na kurasa za mwisho nimezisoma kwa machozi. Nikakimbilia Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, ili nikutane tena na Achilles na Patroclus, nikakwama kwenye orodha ya meli isiyokwisha. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hujakosea, dada. Orodha hiyo imo katika kitabu (yaani sehemu) cha 2 na imewashinda wengi, iruke. Iliad ina vitabu 24, lakini inasimulia wiki chache tu za mwaka wa 10 wa vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy. Utoto wa wawili hao unagusiwa tu katika kumbukumbu, na kifo cha Achilles hakisimuliwi.

Anza na kitabu cha 1, ugomvi juu ya Briseis, mwanamke mateka wa Achilles, kisha cha 9, wajumbe wanapombembeleza Achilles arudi vitani. Halafu nenda mwisho wa kitabu cha 11, usome polepole. Patroclus anamkuta Eurypylus, mpiganaji mwenzake, na mshale pajani. Anaukata kwa kisu, anaiosha damu nyeusi kwa maji ya vuguvugu, anausugua mzizi mchungu kwa viganja na kuutia kidondani mpaka damu ikauke. Yule tabibu uliyempenda katika riwaya ametoka hapa.

Endelea na cha 16, 18, 19, 22, 23 na 24. Jiandae tu: katika kitabu cha 16 Patroclus ni shujaa anayeua watu wengi, na kwa Homer ndiye mkubwa kiumri. Tena Homer hasemi popote kwamba walikuwa wapenzi, kama ilivyo katika riwaya. Waliosema ni Wagiriki wa baadaye, akiwamo mtunzi wa tamthilia Aeschylus. Usiende ukiitafuta riwaya ndani ya utenzi, utachoka bure.

Kwa maoni yetu, riwaya inaliza hivyo kwa sababu msimulizi ni Patroclus mwenyewe, na anaendelea kusema hata baada ya kufa. Mbegu yake imo katika kitabu cha 23. Mzuka wake unamjia Achilles usingizini, unamsihi mifupa yao iwekwe chombo kimoja. Achilles ananyoosha mikono amkumbatie, na mzuka unazama ardhini kama moshi. Isome sehemu hiyo kwa sauti. Utenzi huu ulitungwa wa kusikilizwa. Ombi lenyewe linatimia katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, kitabu cha 24: mifupa imechanganywa ndani ya chombo cha dhahabu.

Kwa Kiingereza, tafsiri ya Emily Wilson (2023) ni nyepesi kufuata. Kinachopoteza wasomaji wapya ni majina: Achaeans, Argives na Danaans wote ni Wagiriki walewale, na Patroclus mara nyingi huitwa mwana wa Menoetius. Yaandike kwenye karatasi, uiweke ndani ya kitabu.

SWALI: Habari ya kisigino cha Achilles, sehemu pekee aliyoweza kujeruhiwa, iko kitabu kipi cha Iliad? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Haimo. Kisa cha Thetis, mama yake Achilles, kumchovya mwanawe katika Styx, mto wa kuzimu, tunakikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo. Kwa Homer, Achilles anajeruhiwa kama mtu yeyote: katika kitabu cha 21 mkuki unamchuna mkono hadi damu inatoka. Miller naye ameiacha habari ya kisigino.