Mabano yenu yananitesa: maswali na majibu ya milinganyo

*Mwalimu, kitabu kimetupa y = 2x − 5 na 3x − 2y = 4. Nimepata x = −14 na y = −33, nikahakiki, ikakubali. Nyuma ya kitabu wameandika 6 na 7. Kitabu kimekosea? (Kidato cha tatu, Mbale)*

Kitabu kiko sawa. Barua za namna hii zimejaza droo yangu, na kosa ni lilelile: mabano yamefunguliwa kwa haraka ya bodaboda. Ukiweka 2x − 5 mahali pa y unapata 3x − 2(2x − 5) = 4. Hiyo −2 inazidisha kila kilichomo ndani, na −2 mara −5 ni +10. Wewe uliandika −10. Ukirekebisha, 3x − 4x + 10 = 4, x inakuwa 6, na y ni 7.

Kilichoniudhi zaidi ni hilo neno "nikahakiki". Ulihakiki wapi? Kwenye y = 2x − 5, mlinganyo uleule uliokupa y. Huo utakubali hata x ikiwa uzito wa mbuzi wa jirani, kwa sababu y umeipika humohumo. Majibu yako yapeleke kwenye ule wa pili: 3(−14) − 2(−33) ni 24, wakati tunatafuta 4. Ungejua palepale, kabla ya kununua bahasha.

*Ipi bora, kubadilisha au kuondoa? (Wengi, kila wiki)*

Kama kuna herufi iliyosimama peke yake bila namba mbele, badilisha: weka mahali pake kile inacholingana nacho, kama tulivyofanya na y hapo juu. Kama haipo, ondoa: jumlisha au toa milinganyo miwili mpaka herufi moja ipotee. Nimeshajibu hili, na muhula ujao sijibu tena.

*Herufi zote zimepotea, nimebaki na 0 = 0. Nifanyeje? (Arua)*

Mara nyingi umetoa x kwenye mlinganyo wa kwanza kisha ukairudisha kwenye huohuo wa kwanza. Hapo utapata 0 = 0 mpaka kiama. Ipeleke kwenye wa pili. Ukiwa umefanya hivyo na bado ni 0 = 0, basi milinganyo yako ni mmoja uliovaa nguo mbili, kama x + 2y = 5 na 2x + 4y = 10, na majibu hayana idadi. Ukibaki na 0 = 3, mistari yako ni sambamba na jibu halipo. Andika hivyo, usilibuni.

*Mwanangu ameletewa swali la rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai): chapati 2 na mayai 3 ni shilingi 3,500, chapati 1 na mayai 2 ni 2,000. Ameandika "c = chapati", mwalimu wake akampa vema. Nina wasiwasi. (Mzazi, Kampala)*

Una haki ya kuwa nao, ssebo. c ni bei ya chapati moja kwa shilingi, na y iwe bei ya yai moja. Chapati yenyewe hailiki ndani ya mlinganyo. Mtoto anayeandika "c = chapati" leo, kesho atasoma 2c kama "chapati mbili", na swali likigeuka kidogo atapotea. Hesabu yenyewe ni nyepesi: c = 2,000 − 2y, kwa hiyo 2(2,000 − 2y) + 3y = 3,500, yai ni 500 na chapati ni 1,000. Mtaala mpya ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2020 unataka maswali ya maisha, na mimi naunga mkono. Ila walimu wenzangu, kubandika rolex juu ya swali la zamani bila kumfundisha mtoto kutaja herufi inasimama badala ya nini ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

*Nimepata 11/7. Nimekosea? (Jinja)*

Si lazima. Iache hivyo hivyo, ukiigeuza 1.57 katikati ya kazi, mlinganyo wa pili utakataa na utanilaumu mimi.

*Naomba msaada na hii milinganyo mitatu. (Soroti)*

Nimehesabu herufi nne, na herufi nne zinadai milinganyo minne. Nakili swali upya, kuna mstari umeuruka.