Jibu: Mdogo wangu anajifungia na kuchora tu, nimnunulie rangi au nimpeleke hospitali?

Mleta uzi, umesema tangu mdogo wako aache chuo anajifungia chumbani akichora, na juzi alitamka kwamba heri asingezaliwa. Mimi si daktari. Nasaidia kikundi cha vijana wanaochora Jumamosi kwenye ukumbi mmoja huku Eastlands, Nairobi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Rangi mnunulie, wala usihangaike na za bei. Sisi hutumia rangi ya ukutani inayobakia mafundi, makatoni ya dukani na makaa ya jiko. Kipaji si lazima. Mwaka 2016 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 39 waliopewa dakika 45 za kuchora au kufinyanga: karibu robo tatu yao walipungukiwa na kotisoli, homoni ya msongo, wazoefu kwa wageni. Ila msongo kushuka kwa saa moja si sawa na mtu kuacha kutaka kufa. Hapo ndipo wachangiaji wengi humu wanachanganya.

Faida kubwa niliyoona ni maongezi. Mkalishe kijana mtazamane umwulize ana nini, atakwambia yuko sawa. Kaa ubavuni mwake nawe ukichora chako, hata kiwe kibaya vipi, na maneno yatamtoka macho yakiwa kwenye karatasi. Usimdai maana ya mchoro, wala usijifanye mganga wa kusoma rangi. Mama mmoja alitujia analia kwamba mchoro wa mwanawe ni mweusi mtupu. Siku hiyo tulikuwa na makaa tu.

Tazama mwenendo wake. Tulikuwa na kijana wa bodaboda aliyezilinda mno brashi zake, amezifunga kwa kitambaa, hakuna wa kuzigusa. Jumamosi moja akazigawa zote, moja moja, huku anatabasamu. Wenzake wakashangilia. Mtu kuanza ghafla kugawa vitu anavyovithamini ni dalili ya hatari, kwa hiyo nikamvuta kando nikamwuliza: "Unafikiria kujiua?" Akanyamaza, kisha akasema ndiyo, na papo hapo akaniomba nisiwaite polisi. Nikamweleza kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Hatukumwacha peke yake hata dakika. Shangazi yake akaja, tukaenda hospitali pamoja. Hadi leo anatumia dawa, anachora, na brashi zake alizidai zote!

Kwa hiyo mwulize mdogo wako leo, kwa neno lenyewe, bila kuzungukazunguka. Kuuliza hakumwingizii wazo kichwani. Akikubali, kaa naye, ondoa nyumbani chochote anachoweza kujidhuru nacho, na upige 1199 ya Msalaba Mwekundu, hailipishwi, au Befrienders Kenya, 0722 178 177. Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, iko Thika Road. Jina lake lisikutishe, watu huingia na kutoka wakarudi kazini. Mkienda, abebe daftari na penseli. Kungoja zamu kunachosha, na huenda daktari akapata pa kuanzia.