Joto la Jangwani Lisikupumbaze

SWALI: Kocha, habari ya kazi? Mimi ni kijana wa Kayole, na wikendi nikipata nauli huenda Sagana kupiga kasia. Binamu yangu anayeishi Arizona amepata kibali cha kushuka Mto Colorado ndani ya Grand Canyon mwezi Mei mwakani, na ameniwekea nafasi. Kila ninayemwambia ananionya kuhusu joto la jangwani. Nibebe nini? Na nimwambie nini Mama, ambaye wasiwasi umemkosesha usingizi?

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa binamu yako. Vibali hivyo hutolewa kwa bahati nasibu kila Februari kwa safari za mwaka unaofuata, na wako wanaoomba miaka nenda miaka rudi wasipate. Usiipoteze nafasi hii kwa kuchelewa viza. Weka miadi ya mahojiano kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, sasa hivi. Jina lako kwenye orodha ya msafara lilingane na pasipoti, kwa maana askari wa mbuga hukagua vitambulisho pale Lees Ferry kabla hamjaingia majini.

Joto lipo kweli. Mwishoni mwa Mei linaweza kupita nyuzi 35 kule chini korongoni. Lakini mimi naogopa zaidi baridi. Maji hayo hutoka Bwawa la Glen Canyon, lililoanza kuuzuia mto mwaka 1963, na huchotwa kwenye kina cha Ziwa Powell, lililo nyuma ya bwawa hilo, ambako jua halifiki. Kwa miaka mingi yalikuwa kama nyuzi 8 hadi 12. Ziwa likipungua sana maji huwa na nafuu, ila usiitegemee nafuu hiyo. Ukitumbukia, kifua kinabana na unavuta pumzi bila kutaka, pengine mdomo ukiwa bado chini ya maji. Kisha vidole vinakufa ganzi. Mkono uliofunga jaketi lako asubuhi unashindwa kushika kamba ya mashua iliyo mbele ya macho yako. Sagana haijakuonyesha hayo. Kwa hiyo fulana ya pamba iache Kayole. Ikilowa hukaa na baridi yake mwilini. Tafuta suti ya mpira au ile isiyopenya maji, na nguo kavu ndani ya mfuko unaofungwa vizuri. Na Julai hii njoo Sagana alfajiri, tujizoeze kupindua mashua na kuirudia tukiwa tunatetemeka.

Namba za ugumu wa mikondo zisikuchanganye. Sisi huhesabu daraja 1 hadi 6. Grand Canyon huhesabu 1 hadi 10. Mkondo wa Lava Falls, maili ya 179 kutoka Lees Ferry, uko juu kabisa ya hesabu hiyo. Watu hutia nanga kabla ya kuufikia, hupanda mwambani na kuusoma mkondo. Panda nao hata ukiwa umechoka.

Usiku pia mto haulali. Bwawa huachilia maji kulingana na mahitaji ya umeme, kwa hiyo mashua mliyoiacha ikielea jioni mnaweza kuikuta asubuhi imekaa juu ya mchanga mkavu na mizigo yake yote. Muulize binamu yako ni nani atakayeamka kuangalia kamba.

Haja ndogo ni mtoni, usione haya. Haja kubwa mnaibeba kwenye chombo hadi mwisho. Mvua ya kuosha ule mchanga ni chache mno, na kesho wengine watalala hapo hapo.

Mama usimdanganye kwamba utapiga simu kila jioni. Mtandao hakuna. Hakikisheni mna simu ya setilaiti, na mweleze kwamba Phantom Ranch, nyumba ya wageni kule chini korongoni, maili ya 88, ipo njia ya miguu ya kupanda hadi juu ukingoni. Mwandikie tarehe mbili: ya kuingia Lees Ferry na ya kutokea Diamond Creek, kwenye ardhi ya Wahualapai, kabila la wenyeji wa huko, kama kilomita 360 chini yake. Chini ya tarehe hizo weka nambari ya jamaa atakayebaki mjini, ambaye ndiye atakayempigia Mama mkishatoka majini.