Kabla Hujaanza Kurekodi Gemu, Pima Fremu Zako

Waliocheza gemu za kompyuta miaka ya 2000 wanaikumbuka Fraps, programu ya kurekodi gemu na kupima fremu, yaani picha ambazo gemu huchora kila sekunde: namba za njano kwenye kona ya skrini, na diski inayojaa kabla mechi haijaisha. Ilitoka mwaka 1999, na toleo lake la mwisho, 3.5.99, ni la 2013. Mpaka leo kuna watu wanaoniuliza kama bado inafaa. Haifai. Haiwezi kusoma gemu zinazochora picha kwa mifumo mipya ya DirectX 12 wala Vulkan, na video zake ni kubwa kupita kiasi. Hata hivyo ilikuwa na jambo moja la maana: kupima fremu kulikuwa na ukurasa wake na kurekodi kulikuwa na ukurasa wake. Siku hizi watu huyafanya yote kwa pamoja, gemu ikianza kukwama hawajui wamlaumu nani.

Kwa hiyo anza na kupima, programu ya kurekodi ikiwa imefungwa kabisa. Ukitaka namba tu pale skrini, MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo zinatosha. Ukitaka kuhifadhi vipimo na kuvilinganisha, mimi natumia CapFrameX, ambayo inategemea PresentMon, kipimo cha fremu cha Intel. Wa Linux wana MangoHud.

Ukishapata namba, usiridhike na wastani. Chukua sekunde moja yenye fremu 60. Fremu 59 zikitoka kila moja kwa milisekunde 13, zinakula milisekunde 767. Fremu moja iliyobaki inachukua milisekunde 233. Wastani bado ni fremu 60 kwa sekunde, namba safi kabisa, lakini macho yako yameona picha ikiganda karibu robo ya sekunde, na kama ulikuwa unalenga adui, umeshakufa. Ndiyo maana naangalia muda wa kila fremu kwanza. Kwa fremu 60, kila moja inatakiwa kuchukua kama milisekunde 16.7, mstari kwenye grafu ukiwa tambarare hapo, mambo ni mazuri hata kama namba yenyewe si kubwa. Fremu 60 zilizotulia nazipenda kuliko 90 zinazorukaruka.

Namba nyingine ya kuangalia ni ile ya asilimia 1 ya chini, inayoonyesha hali ya zile fremu zilizochelewa zaidi. Ila programu hazikokotoi kwa njia moja: nyingine huchukua wastani wa fremu zote mbovu, nyingine huchukua mpaka tu ambapo ubovu unaanzia. Usilinganishe namba ya programu hii na ya ile. Tafuta kipande kimoja cha gemu unachoweza kukirudia vilevile, njia ileile, dakika moja hivi, urudie mara tatu. Ya kwanza itupe, maana hapo gemu bado inapakia vitu vyake.

Sasa washa kurekodi. OBS Studio, programu ya kurekodi, ni ya bure, haina kikomo cha muda wala haiweki nembo juu ya video yako. Mpangilio wa kwanza kuugusa ni enkoda, kile kinachobana video iwe ndogo. Enkoda ya x264 inatumia prosesa, prosesa ileile ambayo gemu inaihitaji. Kama kadi yako ya picha ni ya NVIDIA chagua NVENC, ya AMD chagua AMF, ya Intel chagua Quick Sync. Hizo zina sehemu yake ndani ya chipu kwa kazi hiyo tu. Na kazi yenyewe si ndogo: picha ya 1920 kwa 1080, fremu 60 kwa sekunde, bila kubanwa ni kama megabaiti 373 kila sekunde. Ukibana hadi megabiti 20 kwa sekunde, saa nzima inakuwa gigabaiti 9 hivi.

Rekodi kwa faili ya aina ya MKV. Faili ya MP4 ya kawaida ikikatika katikati haifunguki tena, wakati MKV inakubakizia kila kilichokwisha kuandikwa, na OBS yenyewe inaibadilisha kuwa MP4 baadaye bila kuharibu ubora. Sauti yako na ya gemu ziweke kwenye njia (track) tofauti. Utanishukuru wakati wa kuhariri.

Rudia kile kipande chako cha dakika moja huku unarekodi, kisha linganisha. Hapa watu huchanganya matatizo mawili. Kama gemu yenyewe inakwama mbele ya macho yako, kurekodi kunaipora nguvu, na mara nyingi utakuta enkoda imebaki x264. Lakini kama ulicheza vizuri halafu video ndiyo inarukaruka, fungua dirisha la takwimu la OBS. Fremu zilizokosekana kwa kuchelewa kuchora maana yake kadi ya picha imeelemewa na gemu, OBS haipati zamu yake. Zilizorukwa kwa kuchelewa kubana maana yake enkoda imezidiwa, punguza ubora wake.

Tatizo la kadi kuelemewa lina dawa rahisi ambayo watu huikataa kwa kiburi: wekea gemu kikomo cha fremu. Kadi inayofanya kazi kwa asilimia 99 muda wote haina nafasi ya kitu kingine. Kwenye Windows, kuiendesha OBS kwa ruhusa ya msimamizi pia husaidia ipate kipaumbele. Na kama skrini yako ni ya hezi 144 na video ni ya fremu 60, weka kikomo cha 120 au 60, kwa sababu 144 haigawanyiki kwa 60 na mwendo kwenye video utaonekana haulingani hata kama hakuna fremu iliyopotea. Gemu za karata au za mikakati hazihitaji yote haya; rekodi fremu 30, uokoe nafasi ya diski.