Niko uhasibu, naweza kuwa bosi wa kiwanda?

SWALI: Habari kaka mhariri, mi nafanya uhasibu kiwanda cha unga hapa Dar, wenzangu wananiambia ukurugenzi ni wa watu wa mauzo au waliosomea chakula, sie wa mahesabu tutazeekea kwenye risiti. Ni kweli?

JIBU: Wanakutisha bure dadangu. Mcheki Indra Nooyi, mzaliwa wa Chennai India, alisoma Yale huko Marekani huku usiku anakaa mapokezi apate hela ya kujikimu, akapita kampuni za Motorola na ABB, PepsiCo (wale wenye soda ya Pepsi) kaingia 1994 kwenye mikakati, 2000 akawa bosi wa fedha, 2006 akakalia kiti chenyewe cha bosi mkuu mpaka 2018. Tena fedha ndo zilimbeba, maana alikuwa mmoja wa walioisukuma kampuni iachane na KFC, Pizza Hut na Taco Bell mwaka 1997, migahawa inakula mtaji balaa, halafu 2001 wakainunua kampuni ya vyakula ya Quaker Oats ambayo ilikuja na kinywaji cha wanamichezo cha Gatorade ndani yake. Hiyo siyo kazi ya kujua kupika jamani!

Ila usijifungie ofisini na kompyuta. Shuka mashineni, uliza gunia la mahindi la kilo 100 linatoa sembe kiasi gani na pumba kiasi gani, umeme wa kukoboa unakula ngapi, pumba anauziwa nani na kwa bei ipi (hapo ndo faida nyingi hujificha), kisha mpelekee meneja hizo hesabu kwenye karatasi moja tu, wakubwa hawasomi kurasa kumi.